Hedseti ya gemu taa zinawaka ila sauti hamna kabisa, msaada wakuu (mrejesho upo humu humu)

#1 Mleta uzi

Habari za muda huu wakuu, poleni na majukumu. Naenda moja kwa moja maana leo siku ya tatu nahangaika na hiki kitu.

Nina hedseti ya gemu, ile mikubwa ya kufunika sikio zima, nimeinunua Kariakoo 55,000. Waya wake mwishoni umegawanyika mara tatu, kuna pini ya kijani, pini ya pinki, halafu kuna USB. Mwanzo nilikuwa natumia na laptopu kupitia ule waya mfupi wa kuunganisha pini mbili ziwe moja, ikawa inapiga vizuri tu, maiki inashika, kila kitu. Wiki hii nimepata desktopu, hizi used, nikanunua na skrini yake nikaunganisha kwa HDMI. Nikachomeka hedseti pale mbele, pini zote mbili na USB, taa zikawaka zile za rangi rangi, nikasema tayari. Nafungua gemu, kimya. YouTube, kimya. Napandisha sauti mpaka 100, kimya.

Nilichofanya mpaka sasa: nimezima na kuwasha mara nyingi tu, nimehamisha USB kwenye matundu yote, nimezungusha kile kigurudumu cha sauti kwenye waya mpaka mwisho. Jana fundi mmoja kapita nyumbani, kaichomeka hapo hapo, kasikiliza, kasema imeungua ndani, za bei hii ndo zilivyo, ninunue nyingine. Hela ya kununua nyingine mwezi huu sina.

Na niseme ukweli kwa nini nimeng'ang'ania. Mdogo wangu yuko chuo Dodoma, saa nne usiku ndo muda wetu, tunacheza gemu ya mpira huku tunaongea kwenye Discord, ile programu ya kuongea mtandaoni. Ukimpigia simu ya kawaida yule haongei, dakika mbili kamaliza, "niko poa kaka" basi. Ila mpira ukiwa unaendelea anafunguka mwenyewe, mambo ya ada, ya mitihani, ya chumba, yote nayajulia hapo. Spika za nje siwezi kutumia, watoto wamelala chumba hicho hicho. Kwa hiyo nisaidieni kabla sijakubali kwamba imekufa.

#2

Nafuatilia hapa. Yangu inapiga sikio moja tu, la kulia limekufa kabisa, nikiushika waya karibu na pini linarudi kidogo halafu linapotea. Ngoja wataalamu waje.

#3

Mkuu usinunue chochote kwanza. Kuna kitu kimoja kwenye maelezo yako nataka tukiweke sawa maana watu wengi sana wenye hizi hedseti za pini mbili na USB kinawachanganya.

Ile USB ya kwako kwa asilimia kubwa ni ya taa tu. Inachukua umeme wa volti 5 inawasha zile rangi, basi, haibebi sauti hata kidogo. Sauti inapita kwenye pini ya kijani na maneno yako yanapita kwenye pini ya pinki. Kwa hiyo taa kuwaka hakutuambii lolote kuhusu sauti, na wewe kuhamisha USB kila tundu hakuwezi kubadilisha kitu. Zipo hedseti nyingine ambazo USB ndo kila kitu, zile zina kadi ndogo ya sauti ndani, lakini hizo mara nyingi hazina pini, zina USB peke yake. Unajuaje? Chomeka USB peke yake, acha pini nje, halafu angalia kwenye orodha ya vifaa vya sauti vya kompyuta. Kama hakuna jina jipya lililoongezeka, ni ya taa.

Sasa jambo la pili, na ndo muhimu kuliko yote: tenganisha hedseti na kompyuta. Saivi una vitu viwili unavishuku kwa wakati mmoja, na fundi wako kavipima vyote viwili pamoja kisha kahukumu kimoja. Hiyo siyo haki kwa hedseti. Tafuta simu yenye tundu la pini, hata ya jirani, chomeka pini ya kijani peke yake, piga wimbo. Ikisikika, hedseti ni nzima na tatizo liko kwenye kompyuta. Isiposikika ndo tuongee mambo ya waya. Dakika moja tu hiyo, leta jibu hapa.

Na kabla hujaenda kwa jirani, angalia kwenye kile kidude cha katikati ya waya kama kuna swichi ndogo pembeni. Baadhi zinazima maiki tu, baadhi zinazima vyote, inategemea.

#4 Mleta uzi

Mkuu #3 Mungu akubariki. Simu yangu haina tundu la pini, nimeazima ya jirani. Nimechomeka ya kijani peke yake, SAUTI IPO! Kushoto na kulia, besi yote. Kumbe iko hai!

Na USB umesema kweli, nimechomeka peke yake, taa zikawaka, kwenye kompyuta hakuna kilichoongezeka.

Saivi nina amani nusu. Nikirudisha kwenye desktopu bado kimya. Tunaendeleaje?

#5

Mimi nakuuliza kitu kimoja tu mkuu, hiyo skrini yako ina spika?

Nauliza kwa sababu umesema umeunganisha kwa HDMI. HDMI inabeba picha na sauti pamoja. Ukiichomeka, kompyuta inaiona skrini kama kifaa cha sauti na mara nyingi inaamua yenyewe kupeleka sauti huko, haijali kama skrini ina spika au haina. Inatuma, skrini inapokea, inaishia hapo. DisplayPort, ile njia nyingine ya kuunganisha skrini, nayo vile vile.

Fanya hivi: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, bonyeza Enter. Kinafunguka kidirisha cha zamani cha sauti, mimi nakipenda kuliko ile mipangilio mipya maana kinaonyesha kila kitu sehemu moja. Piga wimbo YouTube uache unaendelea huku unaangalia kile kidirisha. Kila kifaa pembeni yake kina vimstari vya kijani vinavyopanda na kushuka. Popote unapoona vimstari vinacheza, sauti inaenda huko. Nina uhakika wa kutosha utaviona vinacheza kwenye jina la skrini yako.

Ukiviona, nenda kwenye kifaa chenye jina la Realtek (ndo chipu ya sauti ya kompyuta nyingi) au palipoandikwa Speakers ama Headphones, bonyeza kulia, kifanye ndo chaguo la msingi. Kama hukioni kabisa, bonyeza kulia sehemu tupu ndani ya kidirisha hicho hicho, weka tiki kwenye kuonyesha vifaa vilivyozimwa na vilivyochomolewa. Kuna watu kifaa chao kilizimwa tu, ukikiwasha mambo yamekwisha.

#6

Nakazia #5, hili la skrini lilinikuta mimi, nimekaa wiki mbili natumia simu kusikiliza gemu. Na angalizo, ukichomoa HDMI na kurudisha au ukisasisha draiva (programu inayoendesha kifaa) ya kadi ya picha, chaguo linaweza kurudi kwenye skrini tena. Mimi nilikizima kabisa kile kifaa cha skrini kwenye orodha maana skrini yangu haina spika, sikihitaji, na tangu hapo haijanisumbua.

#7 Mleta uzi

#5 umepiga penyewe, vimstari vilikuwa vinacheza kwenye jina la skrini, na skrini yangu haina spika! Nimebadilisha, nimeweka Realtek ndo msingi. Saivi vimstari vinacheza kwenye Realtek.

LAKINI hedseti bado kimya. Hapo ndo nimebaki nashangaa. Pini iko tundu la mbele, imeingia mpaka mwisho, nimeisukuma. Kwenye orodha ile Realtek yenyewe inaonekana kama iliyofifia ninapochomoa zile spika za nje zilizochomekwa nyuma, kama vile haijui kwamba kuna kitu mbele kimechomekwa.

#8

Mkuu hilo la mwisho ulilolisema ndo jibu lenyewe, "haijui kwamba kuna kitu kimechomekwa mbele".

Jaribu nyuma. Nyuma ya kasha kuna matundu ya rangi. La kijani chororo ni la kutolea sauti, la pinki ni la maiki, la bluu ni la kuingizia sauti kutoka kifaa kingine, hilo usiliguse. Rangi hizi zilipangwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 na watengenezaji wengi bado wanazifuata, kwa hiyo pini ya kijani weka tundu la kijani, ya pinki weka la pinki. Usiziweke kwa kukisia gizani kule nyuma, washa tochi ya simu.

Ikipiga nyuma, basi matundu yako ya mbele hayajaunganishwa ndani. Yale ya mbele hayana uhai wao wenyewe, yanategemea waya mmoja unaotoka pale mbele mpaka kwenye ubao mkuu. Desktopu used inafunguliwa, inafutwa vumbi, inabadilishwa RAM, mtu anachomoa ule waya apate nafasi, anasahau kurudisha. USB za mbele zina waya wake tofauti, ndo maana USB yako mbele inawasha taa wakati sauti mbele haipo.

Ukitaka kuurudisha: zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, siyo kuzima swichi tu, chomoa. Shika chuma cha kasha kwanza mkono utoe ule umeme wa mwilini. Fuata waya kutoka matundu ya mbele, mwisho wake kuna plagi ndogo nyeusi imeandikwa HD AUDIO. Kwenye ubao, mara nyingi pembeni kwenye kona ya chini, utaona vipini vimepangwa mistari miwili, tisa kwa jumla, na nafasi moja tupu. Pembeni pameandikwa AAFP au F_AUDIO au JAUD1, majina yanatofautiana. Plagi nayo ina tundu moja lililozibwa, hilo lililozibwa likae sawa na nafasi tupu. Inaingia upande mmoja tu, ukiona inakataa usilazimishe, vipini vile vinapinda haraka na kuvinyoosha ni shida. Desktopu za kampuni nyingine plagi yake ni ya kwake peke yake au matundu yako moja kwa moja kwenye ubao, hapo ndo utuwekee picha.

#9

Poleni kwa kuingilia, mimi niko Mombasa, na shida yangu inafanana kidogo. Kwangu ni PS4, ile mashine ya gemu. Nimechomeka hedseti kwa padi ya kuchezea, nasikia wenzangu wakiongea vizuri sana lakini gemu yenyewe haina sauti kwa masikio, inatoka kwa TV. Nimeshabadilisha hedseti mbili sasa.

#10

Karibu sana ndugu yetu wa Mombasa. Hedseti zako zote mbili ni nzima, usitupe hata moja. PS4 ukichomeka hedseti kwenye padi inaweza kuwekwa ipeleke maongezi tu masikioni, gemu inabaki kwenye TV. Ingia setingi, kwenye vifaa, kisha vifaa vya sauti, kuna sehemu ya kuchagua kinachopelekwa kwenye hedifoni, utakuta iko "Chat Audio", weka "All Audio". Hapo hapo kuna na kiwango cha sauti ya hedifoni, kipandishe, maana kiko peke yake, sauti ya TV haikigusi.

Na kwa kuwa watu huuliza sana: PS4 na PS5 hazipokei hedifoni za kawaida za Bluetooth. Unaweza ukakaa usiku kucha unatafuta, haitaunganika. Tumia waya kwenye padi, au hedseti isiyo na waya yenye kidude chake cha USB kilichotengenezewa mashine hiyo.

#11

Na mimi niulize hapo hapo kuhusu Bluetooth, mimi ni kwenye kompyuta. Natumia hedifoni za Bluetooth, sauti inakuja safi, nikiingia Discord tu gemu inakuwa kama inatoka kwenye redio ya mbao, au inapotea kabisa.

#12

#11 hiyo ni namna Bluetooth ya kawaida inavyofanya kazi. Ina njia mbili, moja ya kusikiliza muziki, sauti nzuri ya pande mbili lakini maiki haipo, na nyingine ya kuongea kama simu, maiki ipo lakini sauti inashuka sana. Discord ikiitaka maiki, hedifoni inahama njia. Na kwenye Windows 10 utaona majina mawili ya hedifoni moja, moja la stirio na moja la kuongelea, gemu ikibaki kwenye jina la stirio wakati hedifoni imeshahamia la pili, unasikia kimya. Dawa ni kutumia maiki nyingine, ya laptopu yenyewe au ndogo ya waya, halafu kwenye Discord uchague hiyo. Hedifoni ibaki na kazi ya kusikiliza tu. Kwa gemu mimi bado nashauri waya, Bluetooth inachelewesha sauti, unamwona mtu kashapiga shuti ndo unasikia mpira.

#13 Fundi redio, Tanga

Salamu wanajukwaa. Nimesoma uzi wote, niseme na huyu #2 wa sikio moja maana kasahaulika. Wewe ndo mwenye ugonjwa wa waya, siyo mleta uzi. Ukigusa karibu na pini sauti ikarudi, waya umekatika ndani sentimita mbili tatu kutoka kwenye pini, pale ndo unapopinda kila siku.

Hakikisha kwa mita ya kupimia umeme. Pini ya kijani ina mistari miwili myeusi, kwa hiyo ina sehemu tatu. Ncha ni sikio la kushoto, katikati ni la kulia, shina ni waya wa pamoja. Weka mita kwenye omu, pima ncha na shina, halafu katikati na shina. Spika nyingi za masikioni zinasoma kama 32, nyingine 16, nyingine zaidi, muhimu ni kwamba pande zote mbili zikaribiane. Upande wa kulia ukikaa kimya, na ukitikisa waya namba inaruka, umeshampata.

Kata waya sentimita nne juu ya pini, nunua pini mpya ya kufungua. Ndani utakuta nyuzi nyembamba sana zimepakwa rangi, na hapa ndo vijana wanapokwama, ile rangi ni kihami, inazuia umeme, na risasi ya kulehemu haishiki juu yake. Ichome kwa kiberiti sekunde moja uikwangue taratibu, ndo uweke risasi. Rangi za nyuzi usiziamini kwa macho, mara nyingi nyekundu ni kulia lakini nimekutana na za kila namna, pima kwanza. Na usisahau kupitisha kifuniko cha pini kwenye waya KABLA hujachoma, utajikuta unafungua upya.

Halafu niwaombe mafundi wenzangu. Mtu akikuletea hedseti, ipime kwenye kifaa kingine kabla hujamwambia imekufa. Hiyo 55,000 mtu kaitafuta.

#14 Mleta uzi, MREJESHO

Wakuu nimerudi.

Nyuma imepiga! Kijani kwa kijani, pinki kwa pinki, sauti hii hapa. Ila waya wa hedseti haufiki vizuri kutoka nyuma, meza yangu iko mbali, kwa hiyo leo mchana nikafungua kasha kama #8 alivyoelekeza. Nimechomoa umeme ukutani, nimegusa chuma. Ule waya nimeukuta umelala chini umefungwa na kamba ya plastiki, plagi imeandikwa HD AUDIO, haijachomekwa popote. Kwenye ubao pameandikwa F_AUDIO. Nikalinganisha tundu lililozibwa na nafasi tupu, ikaingia bila nguvu. Kuwasha, mbele inapiga.

Kwa hiyo nilikuwa na vitu viwili kwa wakati mmoja, sauti inaenda kwenye skrini, na matundu ya mbele hayana waya. Ndo maana nilipotatua kimoja nikaona kama hakuna kilichobadilika. Atakayekuja kusoma baadaye akumbuke hilo, unaweza ukawa umefanya kitu sahihi kabisa na kimya kikabaki kwa sababu kuna cha pili, usirudishe ulichobadilisha.

Bado kimoja. YouTube inasikika, gemu inasikika, Discord simsikii dogo, na yeye hanisikii.

#15

Discord ina chaguo lake, haifuati kompyuta kila wakati. Ingia setingi zake, sehemu ya sauti na video, kifaa cha kutolea na cha kuingizia vyote vichague kwa majina, nadhani bado vinaelekea kwenye skrini. Ifunge kabisa kisha uifungue. Na maiki, nenda kwenye setingi za Windows za faragha, hakikisha programu zimeruhusiwa kutumia maiki, na ile ya programu za desktopu nayo iwe imewashwa, iko chini kidogo watu wanaipita.

Ambao mtapitia yote haya na bado kimya, ndo mguse draiva. Futa kifaa cha sauti kwenye orodha ya vifaa vya kompyuta, zima, washa, Windows itakirudisha yenyewe, au chukua draiva kwenye tovuti ya aliyetengeneza kompyuta yako. Zile programu za kukutafutia draiva zote kwa mpigo msiziweke, naona watu wanakimbilia huko kwanza wakati waya haujachomekwa.

#16 Mleta uzi

Saa tano na robo usiku. Ilikuwa Discord inatoa kwenye skrini kama ulivyosema, na ruhusa ya maiki ya programu za desktopu ilikuwa imezimwa. Nimeviweka sawa vyote viwili.

Tumeongea saa nzima na dakika kumi. Mechi mbili kanifunga. Mtihani wa Jumatatu umemwendea vizuri, ule wa Jumatano ana wasiwasi nao. Mengine ya kwake. Nyote mliochangia, kuanzia #3 mpaka #15, asanteni sana kutoka moyoni.

#17 (aliyeandika #2)

Na mimi nalileta langu. Waya ulikuwa umekatika sentimita tatu kutoka kwenye pini kama fundi wa Tanga alivyosema. Nyekundu yangu ilikuwa ya kushoto, bahati nilipima. Pini mpya, kulia kumerudi. Kifuniko nilikipitisha kwanza.